Nyota Isiyosogea

Saa saba mchana duka la nakala lililo mkabala na benki hujaa watu utadhani karatasi zinagawiwa bure. Siku hiyo walikuwepo wanafunzi wenye fomu, makarani wenye haraka za wakubwa wao, na bwana mmoja mnene aliyetaka picha ya kitambulisho chake ikuzwe mpaka ipendeze. Mbele yao wote alisimama mwalimu wa hesabu, shati lake la bluu limepigwa pasi upande wa mbele tu, ametandaza picha kumi na mbili kwenye kaunta nzima kama anayeanika nguo nyumbani kwao. Foleni ilikuwa inamsema vibaya, yeye hana habari.

"Kaka, hiyo kaunta umeijenga wewe?" aliuliza dada mmoja nyuma yake. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa na kilemba cha njano, na vidole vyake vilikuwa na magamba ya gundi iliyokauka.

"Samahani dada yangu. Dakika moja tu."

"Hiyo ni ya nne. Nahesabu."

"Basi tutaelewana. Kazi yangu ni hesabu."

Yule dada alikuwa na jibu la kumkata maini, lakini macho yake yakaangukia zile picha na jibu likapotea. Kila picha ilikuwa na duara kubwa lililogawanywa kama gurudumu, nukta nyeusi zimetapakaa ndani yake, na katikati jua lenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

"Hili jua nalijua," alisema.

"Nani asiyelijua jua?"

"Hili hapa. Lina mkwaruzo shavuni. Nimelisafisha kwa brashi siku tatu nzima."

Mwalimu akageuka. Hapo ndipo alipomwona vizuri, na tusidanganyane, alimwona kweli kweli.

Kitabu zilikotoka picha zile kilihifadhiwa katika Nyumba ya Nyaraka, ng'ambo ya barabara. Hakina jina, hakina mwandishi, na maandishi yake hakuna anayeweza kuyasoma, hata wale wanaojisifu kwamba wanasoma kila kitu. Kati ya karatasi zake, kumi na mbili zina michoro ya anga. Kilikuwa kimefungiwa miaka minne kikikarabatiwa, na mkarabati alikuwa huyu dada, ambaye kazini kwake wote walimwita Fundi. Mwalimu hakuwahi kukiona. Alikuwa na picha za zamani, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kabla kitabu hakijaingia karakana, na kwa picha hizo tu, mwaka wa tatu sasa, alikuwa anajaribu kufanya walichoshindwa maprofesa: kueleza ile michoro inasema nini.

Walitoka dukani pamoja. Bwana mnene akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mapenzi ya siku hizi hukua kwenye simu, na ya hawa wawili yalikua haraka.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la marehemu asiyejulikana."

"Nikuletee maji?"

"Jilete wewe mwenyewe, maji yapo."

Dada yake Fundi, muuguzi aliyekuwa akikaa naye, alichoka mapema. "Huyo mtu anakupigia mara sita kwa siku. Anafundisha saa ngapi? Watoto wa watu watafeli kwa ajili yako." Mama yake Mwalimu naye, mshonaji, alianza kumwita "mkwe wangu" kabla hata hajamwona mwenyewe kwa macho. Siku waliyokutana alimshika mikono yote miwili, akaikagua ile gundi, akaridhika. "Wewe unafanya kazi ya mikono kama mimi," alisema. "Mwanangu huyu anatazama juu mno. Mshikie miguu."

Miezi mitano ilipita hivyo, mizuri. Kisha ikaja Jumapili ya pini.

Ilikuwa alasiri, kwenye chumba cha Mwalimu chenye meza moja, kitanda kimoja, na madaftari ya wanafunzi yasiyosahihishwa yaliyofika usawa wa dirisha. Alimkalisha Fundi kitandani, akachukua nakala zake kumi na mbili, akazipanga pembe kwa pembe kama karata.

"Tazama, mpenzi. Nyota zote humu zinahama. Hii, kwenye mchoro wa kwanza iko hapa. Wa pili imesogea. Wa tatu imesogea tena. Zote zinatembea, isipokuwa moja." Akachomoa pini aliyoichukua kwenye mto wa sindano wa mama yake, akaichoma kwenye nukta moja karibu na ukingo wa duara, ikapenya karatasi zote. Akazitenganisha moja moja mbele ya macho yake. "Kumi na mbili. Pini imepita kwenye nukta ileile. Nyota isiyosogea. Huo ndio mlango, Fundi. Ukiishika hiyo, nyingine zote unazipima kutokea hapo. Miezi inakaa, misimu inakaa, kila kitu kinakaa mahali pake."

Fundi aliitazama ile pini, akapatambua mahali pale.

Mdudu anayekula vitabu hana adabu ya kufungua kurasa. Akianza, anatoboa moja kwa moja, karatasi baada ya karatasi, mahali palepale. Tundu lile Fundi alilijua kama anavyojua jino lake bovu. Alilipima yeye, akalisafisha yeye, akaliziba kwa nyuzi za karatasi na gundi ya wanga, akalipaka rangi mpaka jicho lisilione, kisha akaandika kwenye daftari la ukarabati kwa mwandiko wake: tundu la mdudu, karatasi ya nne hadi ya kumi na sita. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, nyota iliyochorwa kwa wino ni nukta nyeusi. Tundu nalo ni nukta nyeusi.

"Na jina nimeshaipa," Mwalimu aliendelea. "Nyota ya Fundi. Nimeandika hivyohivyo kwenye maelezo niliyowapelekea wakubwa zako."

"Umeshawapelekea?"

"Wiki iliyopita. Jana wamenipigia. Siku kitabu kitakapofunguliwa kwa watu, mimi ndiye nitakayekieleza. Kamati ikiridhika wananipa nafasi ya utafiti, miaka mitatu. Naachana na chaki, mpenzi wangu. Zimebaki wiki tatu. Unasemaje?"

"Nimefurahi," alisema Fundi.

Neno lilikuwa limemfika kwenye ulimi, akalimeza. Mimi simtetei. Lakini ungeuona uso wa yule mwanamume, na wewe ungelimeza.

Usiku na mchana alipiga hesabu ileile na kila mara ikamshinda. Akisema, anaizima taa aliyoiona mwenyewe ikiwaka. Asiposema, kitabu kitawekwa kwenye sanduku la kioo, watu watainama kuitafuta nyota isiyosogea, na pale watakuta karatasi safi, kwa sababu yeye Fundi aliifanya kazi yake vizuri. Mwalimu ataonekana mwongo au mwehu mbele ya kila mtu. Ufundi wake mwenyewe ulikuwa umefuta hata ushahidi kwamba mwenzake aliona kitu.

Alijiambia kesho. Kesho ikija, anajiambia kesho. Mama yake Mwalimu akapiga simu kuuliza kama suti ya kijivu inakwenda na tai nyekundu au ya bluu. Fundi akasema bluu, akakata simu, akaenda kuoga ili alie kwa nafasi.

Siku ya kumi alijaribu.

"Mwalimu, nina jambo kuhusu ile nyota."

"Usiniambie," Mwalimu alicheka. "Kichwa kimejaa, mtu akiniongezea hata neno moja, jina langu litadondoka. Utaniambia baada ya siku hiyo."

"Baada ya siku hiyo itakuwa..."

"Fundi. Nakuomba, laazizi."

Fundi akaliacha jambo. Tangu hapo akawa hapokei simu, kwa kuwa hakuweza tena kuisikiliza sauti yenye furaha namna ile. Simu iliita kwenye mfuko wa gauni, ikaita chini ya mto, na dada yake akauliza kama mwenye simu amekufa au anadaiwa.

Basi akaenda kwa mkuu wa idara, mzee mpole anayependa utaratibu kuliko watu, akamwomba siku isogezwe mbele. Mzee akamwonyesha kadi za mwaliko zilizokwisha kuchapwa, mia mbili. Daftari la ukarabati hakuwa amelisoma. Daftari lile husomwa na anayeliandika tu. Fundi akaangua kilio pale pale, mdomo hauwezi kueleza, na mzee, asiyejua afanye nini na mtu anayelia, akampa leso na kumpeleka nyumbani kwa gari lake jeupe.

Mwalimu alikuwa amesimama ng'ambo ya geti la nyumbani kwa Fundi, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikuja kujua kulikoni, akawaona, akaondoka bila kuita.

"Yule mwenye gari jeupe ni nani?" aliuliza jioni, safari hii simu ikiwa imepokelewa.

"Ni mkuu wangu wa kazi."

"Na mkuu wako wa kazi anakufuta machozi?"

"Alinipa leso. Nilijifuta mwenyewe."

"Ulikuwa unalia nini?"

Fundi alifungua mdomo. Kwa simu? Tundu la mdudu kwa simu?

"Unaona," Mwalimu alisema. "Haya. Nimeelewa." Wala hakuwa ameelewa chochote, masikini.

Wiki nzima hawakusemezana. Zilipobaki siku mbili, Fundi akachukua simu ya dada yake, maana ya kwake haikupokelewa.

"Njoo karakana saa tisa. Ukitaka kuniacha, utaniachia hukohuko. Lakini njoo."

Akaja. Shati lilelile la bluu, ndevu za siku nne. Hakuketi. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mengi, brashi zimepangwa kwa unene, kazi zikiwa zimekandamizwa chini ya vyuma vizito, na kitabu kimelazwa juu ya mto wa kitambaa. Kwa mara ya kwanza alikiona. Mkono wake ukanyooka wenyewe, kisha akaurudisha.

"Kiguse," Fundi alisema. "Tafuta nyota yako."

Mwalimu akafunua mchoro wa kwanza. Akainama. Akavua miwani, akaivaa. Palipotakiwa kuwa na nyota hapakuwa na kitu. Akatazama wa pili. Wa tatu.

Fundi akaingiza chini ya karatasi bamba la taa, jembamba kama jalada la daftari, akaliwasha. Karatasi nzima ikang'aa rangi ya asali, na mahali palepale kikaonekana kiraka kidogo cha mviringo, cheupe kuliko kila kitu kilichokizunguka.

"Hiki ni nini?"

"Palikuwa na tundu la mdudu. Nililiziba mimi."

Mwalimu hakubisha. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine, na Fundi akahamisha taa, mpaka mchoro wa kumi na mbili. Kila mara kiraka kilikuwepo. Mwishowe akakaa kwenye kiti cha kazi, mikono katikati ya magoti.

"Umeziba vizuri," alisema.

"Mwalimu..."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya pini."

Hesabu ilikuwa kazi yake, hakuhitaji muda. "Siku kumi na tisa. Tundu sikulaumu, hukulitoboa wewe. Lakini siku kumi na tisa, Fundi. Ningekuwa nazo, ningefanya kitu. Sasa nimebaki na mbili."

"Niliogopa."

"Na mimi sasa naogopa," alisema, akatoka. Mlango aliufunga polepole, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko kama angeubamiza.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama yake Mwalimu aliketi safu ya pili, gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, mkoba mapajani. Fundi alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pa mtu asiyejua kama ana haki ya kuwepo. Mwalimu akapanda jukwaani na suti ya kijivu na tai ya bluu. Alikuwa amepewa dakika arobaini, akatumia sita.

"Nilichokiita nyota isiyosogea ni tundu la mdudu," alisema. "Limethibitishwa. Vipimo vyangu vyote vilianzia hapo, kwa hiyo vyote havina msingi. Naomba radhi kwa kamati."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine wakapata ruhusa. Mjumbe wa kamati akaegemea kipaza sauti.

"Nani aliyekuonyesha?"

"Mtu anayekijua kitabu hiki kuliko mimi."

"Sasa, Mwalimu, michoro hii ina maana gani?"

"Sijui."

"Hata kukisia?"

"Nimekisia miaka mitatu, mheshimiwa. Sijui."

Mama yake, ambaye mambo ya nyota hakuyafuata, alijua tu kwamba mwanawe amemaliza kusema. Akapiga makofi. Alipoona yuko peke yake, akaacha, akashika mkoba. Fundi pale nyuma alikuwa na mikono miwili na ufundi wote wa dunia, na hakukuwa na kitu cha kuziba.

Nafasi ya utafiti haikupewa mtu. Mwalimu alirudi kwenye chaki. Juu ya sanduku la kioo waliweka kadi: michoro ya anga, maana yake haijulikani. Fundi aliipita kila asubuhi akienda kazini.

Miezi miwili. Alipiga, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akautuma, ukasomwa bila kujibiwa. "Mwache, mtu hashonwi kwa lazima," dada yake alimwambia. Mama yake Mwalimu tu ndiye aliyeendelea kupiga kila Ijumaa. "Mkwe wangu, sijui mmekosana nini, huyu wangu hasemi. Siku hizi hatazami juu wala chini. Ila mimi sijakuacha, sikia."

Jumapili moja, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa kwenye roshani akifua, povu mpaka viwiko. Dada yake akachungulia.

"Kuna mtu mlangoni, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Nimwambie umehama?"

Mwalimu akaja mpaka roshani, bahasha kubwa mkononi. Alikuwa amekonda. Akaangalia beseni, akaangalia kamba ya nguo, akaangalia kila kitu isipokuwa mwenye nyumba.

"Mama amenituma."

"Amekutuma nini?"

"Hakunituma. Nimejituma." Akaishika bahasha kwa mikono miwili. "Daftari lako linasema tundu linaanzia karatasi ya ngapi na kuishia ya ngapi?"

"Ya nne hadi ya kumi na sita."

"Hesabu."

Fundi akahesabu kwa vidole vyenye povu. Zilikuwa karatasi kumi na tatu. Michoro ni kumi na miwili.

"Karatasi ya kumi na sita haina mchoro," Mwalimu alisema. "Ina maandishi matupu. Na katikati ya maandishi, mahali pasipo na anga wala duara, kuna nukta ileile, ndogo kidogo. Nilikuwa na picha yake. Niliiona miaka miwili iliyopita. Nikajiambia ni doa, nikaiweka chini ya godoro, nikaendelea na zile kumi na mbili."

"Kwa nini?"

"Nilitaka sana iwe nyota." Sasa akamtazama. "Wewe ulinyamaza siku kumi na tisa kwa kunionea huruma. Mimi nilinyamaza miaka miwili kwa kujionea huruma, kisha nikakuhukumu wewe. Nilipokuwa pale jukwaani nilitaka kulisema hilo, sikuweza. Nimekuja kukuambia wewe."

Fundi akakaa kwenye ukingo wa beseni, gauni likalowa, hakujali. Alilia kidogo, na Mwalimu naye hakuwa salama.

"Ile michoro sitaijua," Mwalimu alisema. "Najaribu kila siku, hainiambii kitu, na inaniuma. Sina nafasi, sina nyota ya kuipa jina lako. Nina chaki na mama."

"Mama ninaye tayari. Kila Ijumaa."

"Basi nina chaki. Nataka kukuoa, Fundi, kama mtu asiyejua kitu anaweza kuoa."

Fundi akajifuta mikono, akaichukua bahasha, akaifungua. Ndani zilikuwa zile nakala kumi na mbili, na kila moja ilikuwa na kitundu kidogo cha pini.

"Hizo nilizitoboa mwenyewe," Mwalimu alisema. "Zinazibika?"

"Zinazibika." Akanyanyua moja kuelekea jua, na mwanga ukapita kwenye tundu ukamgusa shavuni. "Lakini ukiweka kwenye mwanga, kiraka kitaonekana siku zote. Hakuna fundi anayeweza kukificha hapo."

"Kiache kionekane."

Kutoka jikoni dada yake akauliza kama jibu ni ndiyo, maana chai inapoa.

"Ndiyo," Fundi alisema, akaingia ndani kuchukua brashi.